Nimonia imepona lakini moyo wa mama bado unaruka. Hii inflamesheni ndiyo chanzo?

BintiLangoni

Assalam alaykum wadau.

Mama yangu amevuka 60, ana presha ya miaka mingi na magoti yanayomnyima usingizi. Kusi hii alishikwa na kikohozi kikageuka nimonia, akalazwa. Akiwa wodini, muuguzi alimpima mapigo kwa mkono akaona hayafuatani: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu ya mbio. Akafanyiwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema ni AF, yaani vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kujikaza. Daktari akaongeza kuwa CRP yake, kipimo cha damu, iko juu sana, mwili una inflamesheni, yaani kinga imewaka ikipigana, na huenda ndiyo iliyouchokoza moyo. Baadaye tulivuka kutoka Lamu hadi Mokowe tukampeleka Mombasa kufanyiwa eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Valvu ziko sawa, ila chumba cha juu cha kushoto kimepanuka.

Sasa yuko nyumbani. Homa imekwisha, kifua kimesafika, anatumia wafarini, na bisoprolol ya kupunguza mbio za moyo. Mapigo siku nyingine yako sawa, siku nyingine hayako. Na kila anayeingia kumjulia hali ana lake. Mmoja kaleta manjano, mwingine habasoda. Shangazi anasema kama kilicholeta shida ni nimonia, na nimonia imepona, hizi dawa za moyo za nini tena?

Nami nimeshindwa kumjibu. Inflamesheni ikishashuka, dawa zinaachwa? Na kuna kitu cha kuiondoa hiyo inflamesheni yenyewe?

FundiMashua

Pole kwa mama, Mungu amuafu. Twanga manjano mabichi, tangawizi, habasoda, changanya na asali. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Marehemu babu hakuwahi kumeza kidonge na alizeeka akipanda mlingoti. Dawa za hospitali ukizianza huachi. Na hiyo wafarini ulizieni vizuri, ni sumu ya panya.

Sista_Mkomani

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, kazi yangu nimeimalizia wodi za moyo Mombasa. Kabla ya swali lako, nianze na lililo la haraka: manjano ya kunywa kama dawa mama asipewe akiwa kwenye wafarini. Ya kwenye mchuzi hayana neno. Nasema ya vijiko na vidonge. Mwaka 2018 idara ya kusimamia dawa ya New Zealand ilitoa onyo kuhusu mgonjwa ambaye wafarini yake ilikuwa imetulia vizuri, akaanza kutumia bidhaa ya manjano, na ndani ya wiki chache INR yake, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ikapita 10. Inayotakiwa kwa mgonjwa kama mama yako ni kati ya 2 na 3. Ikipita 10, mtu anaweza kuvuja damu kichwani bila hata kujigonga.

Fundi, kwenye panya huna makosa. Ilianza kuuzwa Marekani kama sumu ya panya mwaka 1948, na 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Kazi yake ni ileile kwa panya na kwa mtu, kuchelewesha damu kuganda, na ndiyo maana tunapima kila mara. Hapa Lamu panya wenyewe hawaijui, maana kazi yao wameachiwa paka.

Sasa la shangazi. Mwambie ameuliza vizuri, kuna madaktari vijana wanaouliza hivyohivyo.

Mtu akishikwa na nimonia kali, mwili wake wote uko vitani. Homa imepanda, oksijeni imeshuka, adrenalini inamiminika, maji yamepungua, na chembe za kinga zinamwaga kemikali zake kwenye damu, ambazo haziishii kifuani. Zinafika hadi moyoni. Moyo wa kijana mzima unaweza kuyapita hayo yote ukaenda mbio tu. Lakini wa mama yako ulikuwa umeshachoka. Chumba kile hakikupanuka kwa wiki moja ya nimonia. Ni presha hiyo ya miaka iliyokuwa ikikisukuma, taratibu, bila kuuma. Nimonia ilikuta mlango uko wazi.

Kwa hiyo nimonia kupona hakumaanishi moyo umerudi ulivyokuwa zamani. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 uliowafuatilia wagonjwa waliopata AF kwa mara ya kwanza wakiwa na sepsisi, yaani maambukizi yaliyoenea mwili mzima. Zaidi ya nusu yao walionekana nayo tena ndani ya miaka 5. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba mapigo bado mara yako sawa, mara hayako. Basi AF haijaondoka.

Wafarini haitibu mapigo. Iko pale kwa sababu ya damu inayotuama. Chumba cha kushoto kina kifuko kidogo pembeni, na chumba kikipapatika bila kujikaza, damu ndani ya kifuko hicho haitoki vizuri, inaganda. Bonge likichomoka linapanda kichwani. Mwenye AF ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya asiyekuwa nayo. Mapigo yenyewe mtu anaweza kuishi nayo hadi uzeeni. Linaloua na kulemaza ni bonge.

Huru_Malindi

Sista, heshima yako. Lakini hapa ndipo mimi na watu wa hospitali tunapoachana. Mnatibu dalili. Moyo unakwenda mbio, mnampa cha kuupunguza. Damu inaganda, mnampa cha kuifanya nyepesi. Chanzo hamkigusi. Mimi nimesoma sana habari hizi tangu kaka yangu aanze kuumwa, na nawaambia chanzo ni inflamesheni. Mwaka 1997 madaktari wa Italia walichukua vipande vidogo vya nyama ya moyo kwa wagonjwa 12 wenye AF ambao vipimo vingine vyote havikuonyesha ugonjwa. Wanane kati yao walikutwa na inflamesheni ndani ya nyama ya moyo. Wanane kati ya 12!

Na dawa ipo. Kolchisini, hii ya jongo, ya zamani na ya bei nafuu. Mbona haandikiwi mama wa Binti? Kwa sababu hakuna anayepata faida nayo.

mtu_wa_maabara

Nimekuwa nikisoma kimyakimya lakini CRP ni mkate wangu wa kila siku, acha niseme.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 New York, katika taasisi ya Rockefeller, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia ya bakteria aitwaye pneumokoka. Ndiyo, nimonia, kama ya mama. Kuna kitu kwenye ganda la bakteria yule walichokiita C, na protini hii hukishika, ndipo jina likatoka. Chembe za kinga zikianza vita huita ini kwa kemikali iitwayo intalukini-6, na ini hutoa CRP kwa wingi. Kwa mtu mzima aliye salama huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, mara nyingi chini ya 3. Kwenye nimonia ya bakteria kuiona imepita 100 si ajabu.

Mwaka 2001 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa wenye AF wana CRP ya juu kuliko wenye mapigo ya kawaida, na wale wa AF isiyokatika wako juu zaidi ya wale ambao huwajia na kuondoka. Watu wakafurahi, wakasema mchawi amepatikana. Basi watafiti wa Copenhagen wakafanya jambo la akili, mwaka 2010. Kuna watu waliozaliwa na jeni zinazofanya CRP yao iwe juu maisha yote. Kama CRP ndiyo inayoleta AF, hao wangeugua zaidi. Walipima makumi ya maelfu ya watu. Hawakuugua zaidi.

CRP ni moshi wa jikoni. Ukiuona unajua kuna kinachoungua, lakini hata ukiupepea wote utoke dirishani, chungu bado kiko motoni. Mtu akikwambia "hii dawa imeshusha CRP", muulize imefanya nini kwa mgonjwa.

Hapo sijampinga Huru, wala sisemi inflamesheni haihusiki. Inahusika, na utaratibu wake umeanza kujulikana. Chembe za nyama ya moyo zenyewe zina mtambo wa kengele uitwao NLRP3, ule ambao tulizoea kuufikiria kuwa wa chembe za kinga tu. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa kwa wenye AF mtambo huo umewashwa, na panya wa maabara waliotengenezwa ili uwe umewashwa moyoni walianza kupata mapigo mabaya. Ukiwaka, mambo matatu yanaharibika kwa pamoja. Kalisi inavuja ndani ya chembe wakati usiotakiwa, na chembe inapiga kabla ya zamu yake. Milango inayopitisha umeme kutoka chembe moja hadi nyingine inahama mahali pake. Na kati ya chembe na chembe kunaota makovu. Umeme ukikutana na kovu unazunguka, na ukizunguka unajirudia wenyewe. Mara nyingi cheche ya kwanza hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, hilo Wafaransa wa Bordeaux walilionyesha mwaka 1998. Ila bila makovu na chumba kilichopanuka, cheche nyingi huzimika zenyewe.

Na ni njia ya kwenda na kurudi. AF yenyewe ikikaa inachosha chembe na kuleta inflamesheni zaidi. Kwa hiyo ukimpima mtu leo ukakuta CRP yake imepanda kidogo, huwezi kusema ni ipi iliyomtangulia mwenzake.

Huru_Malindi

Maelezo mazuri, lakini bado umenisaidia mimi. Na hamjajibu kuhusu kolchisini. Wagonjwa waliopasuliwa moyo, AF huwashika zaidi siku ya pili au ya tatu, palepale CRP inapofika kileleni. Sadfa?

Sista_Mkomani

Si sadfa, Huru, na nimeiona kwa macho yangu. Mtu katoka theatre vizuri, siku ya kwanza anacheka na wanawe, siku ya tatu moyo unaanza kupapatika. Hutokea kwa mmoja kati ya watatu au wanne hivi. Tulikuwa tunaisubiri.

Kolchisini nayo ina habari yake. Mwaka 2011 Waitalia waliipa wagonjwa waliopasuliwa moyo, na AF ikashuka kutoka asilimia 22 hadi 12. Habari njema hiyo. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, matokeo yakatoka 2023, watu zaidi ya 3,000 waliofanyiwa upasuaji wa kifua usiokuwa wa moyo. Waliopewa kolchisini AF iliwapata asilimia 6.4, waliopewa kidonge kitupu asilimia 7.5. Tofauti ndogo mno, haikuthibitika kuwa si bahati. Kilichoongezeka bila shaka ni kuharisha. Dawa za kolesteroli pia zilijaribiwa, maana nazo hupoza inflamesheni. Utafiti mkubwa wa 2016 kwa waliopasuliwa moyo haukuona zikizuia AF.

Basi mama yake Binti hakunyimwa kitu. Hakuna anayejua kuwa kolchisini ingemfaa mtu aliyetoka kwenye nimonia, na kwa mzee ambaye figo zake huenda si nzima, dawa hiyo ina sumu ya kutosha kumuua ikizidi. Bei nafuu si sababu ya kumpa mtu dawa.

Na kuhusu "kutibu dalili" nikwambie wazi, neno hilo linanikera. Kiharusi si dalili. Nimewageuza kitandani watu ambao wangali wanatembea kama wangemeza wafarini yao.

BabaShela

Salaam nyote. Mimi ni mtu wa Shela, mzee, maradhi haya ninayo tangu simu hizi hazijaya. Sikiza, Binti. Wafarini si ngumu, ina adabu yake tu. Nameza saa ileile kila usiku baada ya Isha. Mboga ziwe sawasawa, si leo mchicha sinia zima na kesho hakuna, maana zile za majani mabichi zinaipunguza nguvu. Nikinyoa nanyoa polepole.

Lakini kuna jambo nataka mulijue. Yuzi tu nilisumbuliwa na kiuno, mtu akaninunulia vidonge vya maumivu duka la dawa, wala sikusema natumia wafarini wala hakuniuliza. Choo kikawa cheusi kama lami. Nikavushwa kwa mashua usiku, kichwa kinazunguka, nikaongezwa damu. Vilikuwa ni vile vya kuondoa uvimbe. Jamaa wa Malindi, wewe ulo na hamu na dawa za inflamesheni, hizo ndizo dawa za inflamesheni.

BintiLangoni

Baba, pole sana, na ahsante kwa kulisema. Limenishtua. Mama hutumia diklofenaki kwa magoti, huwa tunanunua dukani, miaka sasa. Hospitali hakuna aliyeuliza kuhusu magoti. Leo asubuhi amemeza.

Sista_Mkomani

Asimeze kingine, mwanangu. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao wote, pamoja na zile sindano za maumivu. Angalia choo chake, angalia fizi akipiga mswaki, na michubuko mikononi. Choo kikiwa cheusi, au akiumwa kichwa ghafla kwa namna asiyoizoea, usisubiri asubuhi. Kama hakuna la hivyo, INR ipimwe kesho na daktari aambiwe. Kwa maumivu apewe Panadol kwa kiasi, na hata hiyo akiitumia kila siku kwa kipimo kikubwa daktari ajue, kwa sababu inaweza kupandisha INR.

Jambo hili watu wengi hawalitegemei. Mtu angedhani dawa ya kupunguza uvimbe ingeutuliza moyo. Kumbe utafiti wa Denmark wa 2011 ulikuta wanaotumia dawa hizi wana AF zaidi kuliko wasiozitumia, hasa walioanza karibuni. Inaelekea ni kwa sababu zinazuia figo kutoa chumvi na maji. Presha inapanda, damu inajaa, na chumba kile kile kinazidi kuvutwa. Uvimbe wa goti unapungua na mzigo wa moyo unaongezeka. Steroidi kwa kipimo kikubwa nazo zimehusishwa na AF, na hakuna dawa inayozima inflamesheni kuzishinda.

Nawaambia hivi ili muache kuifikiria inflamesheni kama kitu kimoja chenye swichi moja.

mama_wa_watatu

Niko Mkomani, nasoma na moyo unanienda mbio. Mwanangu wa miaka 9 kila mara koo linamuuma, anapata homa, anapona. Bibi yake alikufa na moyo akiwa bado kijana, wakasema valvu. Hii inflamesheni ya koo inaweza kufika moyoni?

Sista_Mkomani

Hili ndilo nililokuwa nikingoja mtu aliulize, kwa sababu kwetu sisi ndilo kubwa. Ulaya na Marekani wakizungumza AF wanazungumza wazee, unene na presha. Wodini kwetu nilikuwa napokea AF za wasichana wa miaka 20 na kitu, wengine wana mimba. Kilichoanza ni koo.

Kuna bakteria aitwaye streptokoka kundi A. Humshika mtoto kooni, hasa kati ya miaka 5 na 15. Kinga ya mwili inamshambulia, lakini bakteria huyo ana sehemu zinazofanana na nyama ya valvu zetu. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, kinga inageukia moyo na viungo. Goti linavimba, likipoa kiwiko kinavimba, homa inarudi. Ndiyo homa ya rumatiki. Viungo hupona kabisa, ila valvu hubaki na kovu. Ikirudi tena na tena, valvu iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto inakuwa nene, inabana, chumba cha juu kinajaa kama puto, na AF inaingia. Hapo huwezi kubishana kama inflamesheni ndiyo chanzo. Huru, hapa nakupa mkono.

Na hapa ndipo pana kinga ya kweli, ya bei ya chini kabisa: penisilini. Si kila koo ni la streptokoka, mengi ni virusi. Likija na mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi. Lakini homa kali, koo jekundu lenye usaha, tezi za shingo zinauma, hakuna kikohozi, mpeleke aonwe na dawa amalize. Mtoto akiwahi kuvimba viungo kwa kuhamahama au kupata homa ya rumatiki, atahitaji sindano ya penisilini kila wiki 4 hivi kwa miaka mingi, na asiikose hata kama anacheza mpira kila jioni. Mwambie daktari habari ya bibi yake, na uombe moyo wake usikilizwe.

Tena kwa wenye valvu iliyobana, wafarini bado ndiyo bora. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hii, wakalinganisha dawa za kundi la wafarini na dawa mpya zaidi ambayo haihitaji INR. Wengi tulidhani ile mpya itashinda. Waliokuwa kwenye wafarini walikufa wachache zaidi. Mama yake Binti valvu zake ni nzima, kwa hiyo yeye anaweza kuuliza kuhusu hizo mpya, kama mfuko unaruhusu na figo zinaruhusu.

kijana_Mokowe

Kwa sisi vijana je? Nikitafuna muguka usiku kucha nasikia moyo unaruka kifuani. Na saa yangu ya mkononi imeniandikia mapigo si ya kawaida. Ni inflamesheni?

Sista_Mkomani

Ni muguka. Umejibu mwenyewe. Ikiwa unachanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu, zaidi. Saa si ECG ya hospitali lakini usiidharau, nenda ukapimwe ikiwa bado inaandika hivyo siku usizotafuna.

Huru_Malindi

Sawa, mmenibana na nimesikia. Ila bado sijaridhika. Mmekiri inflamesheni imo. Mmekataa manjano, mmekataa diklofenaki, kolchisini mmesema haijathibitika. Basi mtu wa kawaida, si mtoto wa koo, mtu kama mama huyu au kaka yangu mnene mwenye presha, afanye nini kuhusu inflamesheni yake? Au tukae tu?

mtu_wa_maabara

Kaka yako anakoroma?

Huru_Malindi

Nyumba ya pili wanamsikia. Kwa nini?

mtu_wa_maabara

Kwa sababu anayekoroma sana huku pumzi ikikatika usiku, oksijeni yake inashuka na kupanda mara nyingi kabla ya alfajiri, na kila mara mwili unashtuka kana kwamba anakabwa. Na mafuta yanayouzunguka moyo, yale ya ndani yasiyoonekana, yanagusana na nyama ya moyo bila kizuizi na yanatoa kemikali za inflamesheni moja kwa moja. Unatafuta dawa ya kushusha kemikali hizo wakati kiwanda chake amekibeba mwenyewe.

Adelaide, Australia, mwaka 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa wanene wenye AF waliofuatiliwa kwa miaka 5. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi na hawakuurudisha, nafasi yao ya kuishi bila AF ilikuwa mara 6 ya wenzao. CRP yao pia ilishuka. Hapo ndipo chungu kimeepuliwa.

Sista_Mkomani

Nakubali. Mwongezee na presha, ishuke na ikae chini, si kumeza dawa siku kichwa kinapouma tu. Na kinywa. Hiroshima mwaka 2024 walichapisha kwamba wagonjwa waliochomwa sehemu za moyo kuzuia AF, kisha wakatibiwa fizi zao zilizooza, walirudiwa na AF wachache kuliko waliokaa na fizi mbovu. Haikuwa kura ya bahati nani atibiwe, kwa hiyo siapi kwayo, lakini kwa kusafisha meno hakuna aliyewahi kuharisha. Wazee wa tambuu mpo humu, nawajua.

Na aliye na baridi yabisi ya kweli, ile ya vidole kupinda, atibiwe hiyo baridi yabisi yenyewe na daktari wake. Wao hatari yao ya AF ni kama asilimia 40 zaidi ya watu wengine. Si sawa na magoti ya mama, ambayo zaidi ni ya kuchakaa.

BabaShela

Tambuu umenilenga mimi.

FundiMashua

Mimi nimefuta ushauri wa kijiko, nisije nikaambiwa nimeua mtu. Ila habasoda nayo mnaikataa? Hiyo imetajwa.

Sista_Mkomani

Hakuna anayeikataa, Fundi, na sitabishana nawe kwenye imani. Punje chache kwenye mkate kama tulivyozoea, ale. Mafuta yake kwa kijiko, au unga kila siku, kwanza wampime INR na daktari ajue, kisha wapime tena. Sheria ya wafarini ni moja kwa kila kitu kipya, kiwe kimetoka duka la dawa au shambani.

BintiLangoni

Nimewasomea mama na shangazi uzi wote hadi saa sita usiku. Diklofenaki nimeitoa nyumbani. Choo kiko sawa, fizi hazitoki damu. Tunaenda kupima INR asubuhi. Niulize nini nikifika? Nikiwa mbele ya daktari husahau kila kitu.

Sista_Mkomani

Chukua mfuko mmoja, tia kila anachomeza na kila alicholetewa, hata hayo manjano, umwage mezani kwake. Hapo nusu ya maswali yatajiuliza yenyewe. Mwambie habari ya diklofenaki kwanza, kabla hajafungua faili. Uliza kama figo na tezi ya shingo, ile ya thairoidi, zimepimwa, maana tezi ikizidi kazi nayo huleta AF, na ni jambo linalotibika. Uliza ECG nyingine lini, na kama wanafikiria kuyarudisha mapigo au kuyapunguza mbio tu. Uliza kama ile dawa mpya inamfaa, na bei yake kwa mwezi uiandike. Na muulize kuhusu funga za sunna, kwa kuwa najua mama yako atataka kuzifunga. Wafarini ya usiku haina shida na funga, shida ni maji na hiyo bisoprolol kama presha itashuka sana.

CRP usimwombe airudie. Haitabadilisha chochote atakachoandika.

BabaShela

Na kahawa muulize. Mimi nilinyimwa miaka, kisha daktari mwengine akanirudishia.

Sista_Mkomani

Wa pili ndiye aliyesoma karibuni. Kahawa haijaonekana kuleta AF kwa mnywaji wa kawaida. Mama anywe vikombe vyake viwili vya kahawa ya Mkunguni, ila asiangushie na halwa sahani nzima, kwa presha ile na magoti yale.